Uloto wa Kuluthumu

Kama hujanywa kahawa ya Abdulwahabu, basi Karatu umepita tu, hujafika. Kijiwe chake kipo kwenye kona ya barabara ya vumbi jekundu, nyuma ya duka la mabati, na benchi lenyewe ni kiti cha nyuma cha Land Rover iliyofia kreta, lile shimo kubwa la wanyama, miaka hiyo, kimekalishwa juu ya matofali. Wenyewe wanapaita Geti Dogo. Geti Kubwa la hifadhi liko kule juu, wageni wanalipa ndipo wakatazame nyati. Hapa unaingia kwa kikombe kimoja cha kahawa na unakutana na viumbe wabishi kuliko nyati. Asubuhi hiyo ya Juni ukungu ulikuwa haujaondoka mjini, baridi inauma masikio, na watu wamekunja mikono kwapani. Birika lilikuwa jikoni, kashata kwenye sinia, kila kitu mahali pake, isipokuwa mwenye kijiwe. Abdulwahabu alimimina kahawa kikombe kikajaa, akaendelea kumimina.

— Shehe! Unaniunguza, mzee!

Aliyepiga kelele ni Josephati, dereva wa watalii, jina la kijiweni Gemu Draivu. Kila alijualo duniani ameambiwa na mgeni wa siti ya nyuma.

— Samahani, mdogo wangu.

— Samahani ya tatu hiyo tangu nikae. Sema basi, Nasma amezidiwa?

— Hajazidiwa. Nesi kapiga simu alfajiri. Kitanda kimepatikana.

— Alhamdulillahi! — alisema Josephati, na yeye ni Mlutheri.

— Wanataka jibu kabla ya saa sita mchana. Nikinyamaza, anapewa mtoto mwingine aliye kwenye foleni.

— Sasa jibu si ndiyo? Au lina jibu jingine?

Abdulwahabu alichukua kitambaa akafuta sinia ambalo lilikuwa safi.

Geti Dogo zima lilikuwa linajua habari za Nasma, binti mdogo wa Abdulwahabu. Ana miaka tisa, na ana selimundu. Damu yake inatengeneza chembe zilizopinda kama mundu, zinakwama kwenye mishipa, na zikikwama mtoto analia mifupa mpaka sauti inakauka. Katika hospitali kubwa kule mbali madaktari wamesema iko njia: wamtoe uloto, ule ute wa ndani ya mfupa, ndugu yake aliye mzima, wampe yeye. Baba alipimwa hakufaa. Mama naye hakufaa. Dada yake, Kuluthumu, wa miaka kumi na sita, akapimwa akaonekana amefanana na mdogo wake kama nusu mbili za harage. Gharama zilishapata wa kuzibeba, msikiti na kanisa walishikana mikono. Kuluthumu mwenyewe alikubali siku ile ile. Iliyobaki ilikuwa sahihi ya baba, na mkono wa baba ulikuwa unakataa.

— Mimi nasema tusiharakishe, — ilisikika sauti kutoka mwisho wa benchi. — Haraka haraka haina baraka, na ndiyo maana wahenga walisema chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Huyo ni Mzee Patrisi, mkulima wa Mbulumbulu, ngano na maharage. Wanamwita Methali. Methali zote anazijua, na hajawahi kuipachika hata moja mahali pake.

— Mzee, hizo mbili zinagombana, — alisema Josephati.

— Ziache zigombane, zitajuana wenyewe. Ninachosema, supu inafanya kazi. Mama Supu, si kweli?

— Supu yangu haijawahi kumwangusha mtu, — alijibu Bernadina kutoka kwenye banda lake la jirani, akikoroga sufuria kubwa kama ngoma ya kanisani. — Mfupa naupasua mwenyewe kwa shoka, uloto wote unatoka. Nimetokwa na malengelenge mikononi kwa ajili ya yule mtoto, na wala sijuti.

Hapo ndipo wema wa Geti Dogo ulipojulikana. Siku waliposikia kwamba Nasma anahitaji uloto, hawakulala. Walisema, uloto! Si upo tele! Patrisi akawa anakusanya mifupa ya miguu ya ng'ombe kila siku ya mnada. Senteu, mfugaji wa Nainokanoka, akawa anatuma mingine kwa magari yanayoshuka. Bernadina akawa anapasua, anachemsha, anajaza chupa ya chai, na kila jioni chupa inapelekwa nyumbani kwa Abdulwahabu. Wiki ya saba sasa. Na kwa wiki hizo saba Nasma alikuwa hajalazwa hata mara moja.

— Wiki saba, — alisema Abdulwahabu, akizihesabu kwa vidole kama mtu anayemsomea hakimu. — Tangu azaliwe haijapata kutokea. Sasa kwa nini nimtoboe aliye mzima, na huyu anaponea kwenye bakuli?

— Ila, Shehe, — Josephati alijikuna kisogo, — uloto wa kula unakwenda tumboni. Utajuaje njia ya kwenda mfupani?

— Haba na haba hujaza kibaba, — Patrisi alijibu.

— Hiyo haijajibu.

— Ijibu mara ngapi? Unakula leo haba, kesho haba, mfupa unajaa.

Abdulwahabu alitoa karatasi mfukoni. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mpaka ikachanika mikunjoni, na juu yake nesi alikuwa amechora mfupa, na ndani ya mfupa vitone.

— Nesi alinieleza hivi. Ndani ya uloto kuna seli shina. Seli shina ni seli ambayo haijapangiwa kazi. Ikigawanyika, nyingine inabaki shina vile vile, nyingine inakwenda kuwa damu nyekundu, au ile nyeupe inayopigana na maradhi, au ile inayogandisha ukijikata. Kila siku iendayo kwa Mungu, kazi ni hiyo hiyo. Za Nasma zinafanya kazi vizuri, ila zinatengeneza mundu. Ukimwongezea damu, umedeki sakafu huku bomba liko wazi.

— Haijapangiwa kazi, — Josephati alirudia. — Kama vijana wa hapa stendi.

— Samaki mkunje angali mbichi! — Patrisi alipiga paja. — Hiyo seli ni samaki mbichi, unaikunja unavyotaka.

— Mimi samaki sili, — alisema Senteu.

Senteu alikuwa amekaa kwenye tofali lake, shuka imemfunika mpaka masikioni, rungu magotini. Mjini anakuja kununua dawa za mifugo, na kwa sababu hiyo wamempa jina la Mzee Josho. Kwa asubuhi nzima hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza.

— Basi nisikilizeni mimi, — Josephati alijiweka sawa, na walipoona amejiweka sawa walijua kuna mgeni wa siti ya nyuma anakuja. — Mwezi uliopita nilimshusha kreta babu mmoja wa Kijerumani, goti bovu, anatembelea fimbo mbili. Akaniambia kwao mtoto akizaliwa, damu ya kwenye kitovu na kondo haitupwi. Inagandishwa, inatunzwa miaka na miaka. Imejaa seli shina tupu! Mtoto akija kuugua ugonjwa wa damu, inatolewa.

— Inatunzwa kwenye friji? — Bernadina aliacha kukoroga. — Friji moja na maziwa?

— Friji yake, mama. Kubwa. Ya hospitali.

— Na goti lake walimtia hizo seli?

— Alikwenda kwa wajanja fulani wakamwambia zinatibu kila kitu, goti, macho, upara. Wakamchoma sindano. Fimbo ilikuwa moja, zikawa mbili. Daktari wake alimgombeza, akamwambia kwenye damu kazi yake inajulikana, mengine mengi bado wanatafiti, na anayekuambia inatibu kila kitu ukimbie.

Hapo kama wangenyamaza, wangekuwa wamesema la maana. Lakini Patrisi alikuwa ameshika jambo, na akilishika haliachii.

— Ngoja kwanza. Kondo lina seli shina?

— Lina, damu yake.

— Na sisi kondo tunazika. — Alimgeukia Abdulwahabu taratibu. — Shehe. Kondo la Kuluthumu ulilizika wapi?

— Nyuma ya nyumba. Pale penye mpapai.

Wote walimgeukia Patrisi.

— Mpapai! — Patrisi alisimama wima. — Mpapai umekunywa seli shina miaka kumi na sita! Ndiyo maana yale mapapai yako makubwa namna ile. Mimi ni mkulima, niliona tangu zamani hilo papai si la kawaida, nikanyamaza.

— Kwa hiyo Nasma ale mapapai? — aliuliza Josephati, na sasa hata yeye alikuwa ameanza kuingia.

— Ale mapapai, anywe supu, tumemaliza. Dada mtu haguswi.

— Mapapai yale nusu nimeyala mimi, — alisema Bernadina. — Mgongo ndio kwanza unaniuma.

— Kwako yanachelewa, umri. Na tukiyakosa mapapai kuna mjusi! Mjusi ukimkata mkia unaota mwingine. Anautoa wapi? Uloto wa mjusi huo!

— Na faru je? — Josephati alidakia. — Kama seli moja inaweza kuwa chochote, faru wa kule chini tunawaotesha kitaluni kama miche ya kabichi. Kila mgeni anaonyeshwa faru wake, na bakshishi...

— Basi!

Abdulwahabu hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alikiweka kikombe chini.

— Basi, jamani. Nawapenda, Mungu anajua, mifupa yenu nimeipokea kwa mikono miwili. Lakini saa tano hii. Mimi naogopa. Nasema mbele yenu, naogopa! Toka utoto wangu nimekula mifupa. Mfupa ukishaunyonya uloto wake, ukipuliza unalia filimbi. Nani hapa amewahi kuuona mfupa ulionyonywa ukajaa tena?

Hakuna aliyekuwa amewahi kuuona.

— Kuluthumu siku moja ataolewa, — aliendelea Abdulwahabu. Atabeba mimba kwa nyonga hizo hizo wanazotaka kuzichoma sindano. Na Nasma mwenyewe, nesi hakunificha. Kwanza wanampiga dawa kali wauue uloto wake wote wa zamani. Hapo katikati hana kinga, hata mafua yanaweza kumwondoa. Kisha wanampa wa dada yake kwa dripu, zile seli zinatafuta mifupa zenyewe. Zikikubali, damu yake inakuwa ya Kuluthumu, na mundu kwaheri. Zikikataa... Wengi wanapona, aliniambia. Wengi si wote. Nikitia sahihi nikawapoteza wawili, mama yao nitamtazama kwa jicho gani?

Patrisi alikaa. Akazungusha kofia yake mkononi, akasema kwa sauti ambayo si ya methali:

— Shamba langu la juu liliwahi kuvamiwa na magugu. Kila msimu napanda ngano, navuna magugu. Ikabidi nilipige dawa lote, nife au nipone. Wiki tatu halina hata jani. Mke wangu alikuwa akipita pale anageuza uso. Kisha nikaomba mbegu kwa kaka yangu.

— Ikaota?

— Iliota. Lakini zile wiki tatu, Shehe, sitakudanganya. Niliishiwa usingizi.

Abdulwahabu alitikisa kichwa. Alishukuru kwa ukweli ule, ila haukumpunguzia kitu.

— Ero, ndugu yangu, — alisema Senteu, na rungu akaliweka chini. — Mimi sijui seli. Najua ng'ombe. Kwetu mtu akitoka kuumwa, au mama akijifungua, tunamtoa ng'ombe damu. Tunamfunga kamba shingoni mshipa usimame, tunampiga mshale mfupi uliozungushiwa uzi karibu na ncha usizame. Kibuyu kinajaa. Tunalegeza kamba, tunaziba kidonda, anakwenda malishoni siku hiyo hiyo.

— Hilo tunalijua, Mzee Josho.

— Mnalijua mnalisema, hamjalifikiri. Tunamwacha mwezi, hatumgusi. Baada ya mwezi damu yote imerudi. Kibuyu kizima! Mimi nina umri huu, sijawahi kujiuliza inarudi kutoka wapi. Leo ndiyo nasikia kwenye karatasi yako kwamba inatoka mfupani. — Alimtazama Abdulwahabu usoni. — Mfupa unaounyonya wewe, ng'ombe wake amekufa. Mfupa wa aliye hai sijauona ukiisha.

Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hofu ilimwachia Abdulwahabu. Nesi naye alikuwa amemwambia hivyo hivyo, kwamba wanachota sehemu tu, na wiki chache uloto wa dada umejaa tena. Lakini nesi ni msichana wa juzi mwenye koti jeupe. Maneno ya Senteu yalikuja na harufu ya zizi, na hayo aliweza kuyaamini. Hata hivyo hofu haina adabu. Ilirudi na kukaa palepale.

— Ng'ombe ni ng'ombe, mzee wangu, — alisema taratibu. — Huyu ni mwanangu. Na supu inafanya kazi. Wiki saba.

Aliinua birika kuwaongezea. Yalitoka matone mawili na machicha. Alikuwa ameshaagiza nyumbani waletewe kahawa nyingine, na muda si muda ikaonekana inakuja, chupa mbili za chai kwenye kikapu, na mwenye kikapu ni Kuluthumu. Shule zilikuwa zimefungwa. Msichana mrefu, mtandio wa bluu, anatembea kwa hatua ndefu za mtu asiyeumwa popote. Baba yake alimtazama akija, akazitazama hatua zake zote tangu pale kwenye duka la mabati, machozi yakamlenga.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu! — waliitikia wote, na kila mmoja akatafuta pa kuangalia, maana ni yeye waliyekuwa wakimgawa.

Bernadina ndiye aliyeokoa jahazi, au alidhani anaokoa.

— Kulu, mdogo wako jana supu ameimaliza?

Kuluthumu aliweka kikapu chini. Akaivuta ncha ya mtandio, akaizungushia kidole.

— Mama Supu, nisamehe. Baba, na wewe nisamehe. Nasma hajawahi kuinywa.

— Hajawahi kuimaliza, unataka kusema.

— Hajawahi kuinywa. Harufu yake inamtapisha. Ananiita chumbani naimaliza mimi, ili msiudhike, maana mnahangaika sana na mifupa.

— Wiki zote saba? — Sauti ya Bernadina ilikuwa ndogo.

— Zote. Sketi ya shule hainitoshi tena.

Josephati alianza kucheka, akaiona hofu kwenye uso wa Abdulwahabu, akakimeza kicheko pamoja na kashata.

— Lakini hajalazwa, — alisema Abdulwahabu. — Wiki saba hajaumwa. Kulu, hajaumwa.

— Ameumwa, baba. Mara tatu. Alikusikia ukiwaambia watu supu inamponya, ukifurahi. Akasema hataki kukuharibia. Maumivu yakimshika anauma shuka usimsikie. Mimi namkanda miguu mpaka yanapoa. Juzi hayakupoa mpaka alfajiri. Nilimwambia nitakueleza, akaniapisha. Leo nimevunja kiapo.

Abdulwahabu alimwona akilini mtoto wake wa miaka tisa na shuka mdomoni, na upande wa pili wa ukuta baba mtu anamshukuru Mungu kwa supu. Iliuma kuliko kitu chochote alichowahi kuambiwa na daktari.

— Unajua watakachokufanyia? — alimuuliza Kuluthumu.

— Najua. Nalazwa usingizi wa dawa, wanachota kwa sindano kwenye nyonga, kwa nyuma. Nikiamka kiuno kitaniuma siku kadhaa. Halafu unajaa tena.

— Na usipojaa?

Kuluthumu alimtazama baba yake, akamtazama Mzee Patrisi, akamtazama Senteu, kama mwanafunzi anayewauliza walimu kitu ambacho kwenye kitabu hakimo.

— Baba, Nasma akifa, mimi huo uloto nilioubakiza nitaufanyia nini?

Gari la wageni lilipita kuelekea getini, vumbi likawafunika, likatulia. Josephati aliangalia viatu vyake. Bernadina alikuwa ameshika mwiko hewani, mchuzi unamdondokea kwenye kanga, habari hana. Methali alivaa kofia yake.

— Jumatatu gari langu linakwenda Arusha kuchukua wageni, — Josephati alisema polepole. — Linakwenda tupu.

Abdulwahabu aliyafunika makaa kwa majivu, na saa tano na nusu hiyo, wateja wote wapo. Akatoa simu. Vidole vilikosea namba mara mbili, na mara ya tatu Kuluthumu akaichukua simu, akabonyeza yeye, akampa.

— Nesi? Mimi baba yake Nasma, wa Karatu. — Alishika bega la binti yake kwa mkono wa pili, akalikaza. — Kitanda msimpe mtu. Andika majina mawili.